Ocol Aliyejiita Melkizedeki: Kusoma Alama za Dini katika Wimbo wa Lawino

Katika Wimbo wa Lawino, shairi la Okot p'Bitek wa Uganda, mke wa Kiacholi aitwaye Lawino anamlalamikia mumewe Ocol aliyefuata mambo ya kigeni. Ukimuuliza mwanafunzi wa fasihi ni nani mwenye dini kati ya hao wawili, atakujibu Ocol. Ocol amebatizwa, ana msalaba mdogo shingoni, na anaendesha siasa za chama cha DP (Democratic Party), ambacho Waganda na majirani zao walikipa jina la utani Dini ya Papa. Lawino aliliacha darasa la katekisimu akakimbilia ngomani. Kwa daftari la parokia, jibu hilo halina kosa. Kwa uchambuzi wa mhusika linapoteza njia, kwa sababu linamfanya msomaji atafute dini kwenye msalaba na rozari tu, huku alama nzito kuliko zote ikimpita ikiwa imevaa sura ya mzaha. Alama hiyo ni jina la ubatizo la Ocol.

Shairi hili refu la Okot p'Bitek, mwana wa Gulu aliyezaliwa 1931 na kufariki 1982, lilitoka kwa Kiingereza, Song of Lawino, mwaka 1966 kwa mkono wa East African Publishing House ya Nairobi. Matini ya Kiacholi, lugha ya kaskazini mwa Uganda, Wer pa Lawino, ilichapishwa 1969, na mwaka uliofuata Ocol akapewa kitabu chake cha kujibu, Song of Ocol. Kiswahili nacho kina tafsiri, Wimbo wa Lawino, kazi ya Paul Sozigwa. Shairi lina sehemu 13, na hoja za dini zimerundikana katika sehemu ya 8, 9 na 10, kisha zinarudi kwa kishindo katika ya 13. Kumbuka hizo lugha tatu. Mambo ya dini humu yamefichwa pale neno linapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, na anayesoma upande mmoja wa mto huona nusu yake.

Kibyongo wa mbinguni

Anza na lile linalowashtua wengi. Katika matini ya Kiingereza Lawino hamwiti Mungu kwa jina ambalo Waingereza humwita. Anamwita Kibyongo. Msomaji wa mara ya kwanza hudhani ni tusi, na walimu wengine huliruka wakiona aibu.

Okot, aliyesomea anthropolojia Oxford, alieleza chanzo chake katika utafiti wake wa dini za Waluo wa kati, kundi ambalo Waacholi wamo ndani yake. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi: nani aliwaumba? Kiacholi hakikuwa na kitenzi cha kuumba kitu pasipo kitu, kwa hiyo swali likageuka kuwa: nani aliwafinyanga? Wazee wakaona halina maana, maana watu huzaliwa na mama zao. Mapadri wakashikilia. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba watu huzaliwa wakiwa na umbo zuri, lakini wapo wanaopatwa na ugonjwa unaowakunja upya, nao hufinyangwa na Rubanga. Akajibu: Rubanga. Jina likaandikwa, likaingia katekisimu.

Rubanga katika imani ya zamani alikuwa mmoja wa jok, nguvu za kiroho, na huyu alilaumiwa kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Vimelea vya ugonjwa huo hula pingili za uti. Pingili hudhoofika na kuporomoka kwa mbele, mgongo ukapinda na kutoa nundu. Kwa hiyo swali kuhusu Mwenyezi lilipata jibu kuhusu maradhi.

Hapa ndipo pa kutofautisha lugha. Kwa Mwacholi wa miaka ya 1960, Rubanga lilikuwa tayari jina la kawaida la Mungu kanisani. Alilisikia kila Jumapili bila kuwaza nundu. Kwa Kiacholi, basi, dhihaka imelala chini ya neno, na msikilizaji anaweza kuipita asiione. Okot alipojitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza aliamua kutafsiri nundu na kuliacha kanisa. Dhihaka ikapanda juu ya meza. Mwanafunzi anayeandika kwamba Lawino anamtukana Mungu anamsoma mtafsiri akidhani anamsoma mhusika. Lawino mwenyewe anasema tu neno alilofundishwa na katekista.

Salamu Maria kwa sikio la Lawino

Sehemu ya 8 ina sala ambayo wanafunzi wa katekisimu wanaipigia kelele jioni. Inaanza na Maria Mwanamke Msafi, Mama wa Kibyongo, akiombwa awaombee wanaoharibu vitu, na ndani yake kuna neno graciya, lililoachwa vilevile. Iweke kando ya sala tunayoijua: Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu. Sasa fanya kazi ya neno kwa neno.

"Msafi" ni maleng ya Kiacholi: safi, inayong'aa. Ndiyo maana Biblia kwa Lawino ni kitabu kisafi, na Roho Mtakatifu, Tipu Maleng, ni mzimu msafi, kwa kuwa tipu ni kivuli au mzimu wa mtu. "Wanaoharibu vitu" ni wakosefu, kwani dhambi ilitafsiriwa kwa kitenzi cha kuharibu. Graciya ni neema ya Kilatini ambayo Wakatoliki hawakuithubutu kuitafsiri, hivyo katika sala nzima neno pekee lisiloweza kueleweka vibaya ni lile lisiloeleweka kabisa.

Msomaji wa Kiswahili asicheke haraka. Takatifu limetokana na kutakata, kuwa safi. Anayesema Roho Mtakatifu anasema kile kile anachosema Lawino, ila neno limechakaa kwa matumizi mpaka usafi wake hausikiki. Mkosefu ametoka kwenye kukosa. Kwa Luganda, omutukuvu anatoka kwenye kutukula, kuwa safi. Lugha zetu zote zilipita njia hiyo. Anachofanya Lawino ni kulisafisha neno lililochakaa mpaka maana ya mwanzo ionekane tena, na hilo ni kazi ya mshairi, hata kama mhusika anajitangaza kuwa hajui kitu. Kujitangaza kwake ni kinaya, na ukikosa kukisikia utaandika kwamba Lawino ni mjinga wa dini.

Halafu njoo sehemu ya 9. Kanuni ya imani inamtaja Mfinyanzi wa mbingu na nchi, naye Lawino anauliza swali la mfinyanzi yeyote: udongo ulichimbwa wapi, kwenye kinywa cha mto upi? Na kabla ya kuwepo mbingu na nchi, mchimbaji alikaa wapi? Walimu wanakasirika. Wanaosoma kwa Kiingereza hulichukua kama swali la kitoto. Kwa Kiswahili lina meno, kwa sababu kuumba ni kitenzi cha udongo tangu asili. Luganda bado inakitunza wazi, okubumba ni kufinyanga na omubumbi ni mfinyanzi. Muumba wetu alikuwa mfinyanzi kabla hajawa Muumba. Kinyume chake, Katonda wa Luganda ametoka kwenye okutonda, na Ruhanga wa Banyoro na Banyankole kwenye okuhanga. Huko swali la wamisionari lilikuta kitenzi kikisubiri.

Tahadhari moja ya haraka: Ruhanga na Rubanga yanafanana kwa sikio, na wapo wanaorukia kusema ni jina moja. Hata kama majina yana undugu, hoja ya shairi inasimama juu ya maana ambayo Rubanga alikuwa nayo kwa Waacholi wakati wa kuulizwa, si juu ya nasaba ya neno.

Jina lisilo na baba

Lawino analalamika kwamba mumewe hataki tena kuitwa Ocol; anataka jina la Kikristo, Milchizedek, ndiye yule Melkizedeki wa Biblia zetu. Mdomoni mwa Lawino linakuwa Medikijedeki, silabi zinazogongana kama sufuria kwenye lori. Msomaji anacheka, na anapaswa kucheka. Mwalimu anayekimbilia tafsiri ya ndani bila kuwaacha wanafunzi wacheke kwanza ameua nusu ya mstari. Lakini mzaha ni mlango tu.

Kwanza pima kilichoachwa. Col kwa Kiacholi ni weusi. Ocol ni Mweusi, mwana wa weusi. Tena majina ya Kiacholi yenyewe ni maandishi ya dini. Pacha wa kwanza ni Opiyo au Apiyo, wa pili Ocen au Acen, anayewafuata ni Okello au Akello. Aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Okot au Akot. Aliyekuja na alama isiyo ya kawaida, tuseme vidole sita, ni Ojok au Ajok, mtoto wa jok. Yapo ya huzuni pia, yanayokumbusha misiba iliyoikuta nyumba. Jina linaeleza ulifikaje duniani na nani alikuwepo. Lawino anapoyataja majina haya anafungua kitabu cha kumbukumbu za ukoo, kisha anauliza majina ya kigeni yanaeleza nini.

Sasa pima kilichochukuliwa. Melkizedeki anaonekana Mwanzo 14: mfalme wa Salemu, kuhani wa Mungu Aliye Juu, anamletea Abramu mkate na divai, anambariki, anapokea fungu la kumi, anatoweka. Zaburi 110 inamtaja tena. Waraka kwa Waebrania, sura ya 7, unaigeuza kimya hicho kuwa hoja: kwa kuwa Mwanzo haitaji ukoo wake, basi "hana baba, hana mama, hana wazazi, hana mwanzo wa siku zake, wala hana mwisho wa uhai wake". Na Mkatoliki wa wakati wa Ocol hakuhitaji kufungua Biblia ili alisikie jina hilo. Lilikuwa ndani ya sala kuu ya misa ya Kilatini, iliyosomwa na padri katika kila misa kabla ya mageuzi ya mwishoni mwa miaka ya 1960.

Yaweke mawili hayo pamoja. Mtu ambaye jina lake lilimtambulisha kama mwana wa weusi amejipa jina la mtu pekee katika Maandiko ambaye sifa yake ni kutokuwa na wazazi. Waebrania wanasema hivyo kwa kumsifu. Katika nyumba ya Kiacholi ni msiba.

Jinsi ya kuthibitisha

Jina peke yake halitoshi. Mwandishi anaweza kuchagua jina kwa sababu ni refu na linachekesha, na mtahini mkali atakuambia hivyo. Alama ya kidini katika mhusika husimama pale jina, kitu anachobeba, tendo analofanya na mahali anapolifanyia vinapoelekea upande mmoja, tena kutoka sehemu tofauti za matini. Ushahidi mitatu kutoka ukurasa mmoja ni ushahidi mmoja.

Tafuta tendo. Katika sehemu ya 10 Lawino anasimulia jinsi Ocol anavyozipiga marufuku dawa na hirizi, anavyotishia kuukata mti wa okango unaoota kwenye abila, mahali pa kutambikia mababu. Shoka juu ya mti wa baba ni jina Melkizedeki likitekelezwa kwa mikono. Humohumo kuna vitu: Lawino amekatazwa mkufu wa mkia wa tembo, ilhali Ocol ana msalaba na mabinti wao wana rozari. Swali lake halina chuki na msalaba. Anauliza kwa nini kitu kimoja kinachoning'inia shingoni kiitwe imani na kingine kiitwe ushirikina.

Tafuta pia upande wa pili wa mstari, ule wa "hana mwisho". Sehemu ya 12 inasema vitabu vimeponda uanaume wa Ocol na wa vijana wenzake. Wengi wanaisoma hiyo kama hasira juu ya elimu, wakaishia hapo. Lakini ukoo una ncha mbili, nyuma na mbele. Abila inaulinda wa nyuma, uzazi unaubeba wa mbele. Lawino anadai mumewe amekatwa pande zote mbili, na hilo ndilo umbo kamili la mtu wa Waebrania 7. Ocol ana watoto, ndiyo. Hoja ya Lawino ni ya alama, si ya hospitali.

Kisha fanya jaribio la kubadilisha. Mpe Ocol jina Petro. Mzaha wa matamshi unapungua, na badala ya nasaba unapata mwamba, ambao hauna kazi popote katika shairi. Mpe Yohana: hakuna kinachobaki. Mrudishie Melkizedeki, na mti wa okango, abila na sehemu ya 12 vinashikana. Jina ambalo halibadilishiki bila hasara limepita mtihani. Kwa kulinganisha, jaribu hivyo kwa Clementine, yule hawara wa mjini. Jina linatokana na neno la Kilatini la upole na huruma, kinaya kizuri, lakini ungemwita Rosemary mambo yangeendelea vilevile. Hapo usijenge nyumba.

Anayejiandaa kwa mtihani achore jedwali la safu nne: sehemu ya shairi, neno au kitu, maana yake kanisani, maana yake kwa Waacholi. Mstari ambao safu ya nne ni tupu uutilie shaka. Pengine umeona alama kwa sababu umezoea kuiona.

Panapoharibika

Kosa linalorudi kila mwaka ni kumgeuza Lawino kuwa sura ya Kristo au ya Maria: anateseka, anakataliwa, anasamehe, basi ni Masihi. Tatizo ni kwamba Okot alitumia miaka akipigana na usomaji wa namna hiyo. Katika kitabu chake cha 1970 kuhusu dini za Kiafrika katika taaluma za Magharibi aliwashutumu wanazuoni, wakiwemo Waafrika wenzake, kwa kuivisha miungu ya Kiafrika majoho ya Kigiriki ili ionekane ya heshima. Kumvisha Lawino joho la Maria ni kurudia kosa lile juu ya mhusika aliyeundwa kulifichua. Mateso ya mke aliyeachwa yanajitosheleza.

Kosa la pili linakwenda upande wa pili: kumfanya Lawino kinywa cha Okot na shairi lote kuwa vita dhidi ya Ukristo. Okot alisoma vyuoni ng'ambo. Lawino amefungiwa nje ya msitu wa vitabu vya mumewe. Anachokijua yeye na asichokijua vimepimwa kwa uangalifu. Analalamika kwamba walimu wa dini wana macho makali kwa vifua vya wasichana, kwamba maswali yanawaudhi, kwamba Waprotestanti wanamtisha kwa habari ya kula mwili na kunywa damu. Hayo ni malalamiko ya mtu aliyelichukulia neno kama lilivyosemwa. Msomaji Mkristo anaweza kuyakubali yote na akabaki Mkristo. Linaloumia ni uvivu wa tafsiri.

Kosa la tatu ni dogo ila linaharibu maksi za wengi: kuandika kwamba Lawino hamwamini Mungu. Analoambiwa ni kwamba Mungu ni Kibyongo. Ni nani angeamini?

Ubatizo wa kinyume

Sehemu ya 13 ndiyo inayofunga jambo, na hapa soma utaratibu wake kama unavyosoma ibada. Lawino anaagiza tiba: masikio ya Ocol yaliyoziba yafunguliwe, koo na ulimi vitibiwe, macho yaondolewe kilichoyafunika. Akishapona aende kwenye abila, aombe msamaha kwa wafu aliowatukana, na awaombe mkuki mpya wenye ncha kali, badala ya ule uliobutuka.

Aliyewahi kuona ubatizo wa Kikatoliki wa zamani atashtuka. Padri aligusa masikio na pua za mbatizwa kwa mate akisema Efatha, yaani Funguka, neno la Marko 7:34. Masikio kwanza, kisha kubatizwa kwa jina jipya na kuingizwa katika jamaa mpya. Lawino anafungua masikio yaleyale ili mtu arudi katika jamaa ya zamani na jina lake la zamani. Hatuna haja ya kusema Okot aliiga ibada ya Kanisa. Waganga wa Kiacholi nao wana utaratibu wao wa kutibu kabla ya kutambika, na huo unatosha. Inatosha kuona kwamba kazi ya kuhani katika nyumba hii inafanywa na mwanamke aliyefeli katekisimu, huku mwenye jina la kuhani wa milele akiwa ndiye mgonjwa.

Mkuki nao usomwe kwa uzito wake wote. Ni silaha, ni uanaume, na ni urithi unaotoka kwa baba. Huwezi kuununua dukani Gulu. Lazima uuombe kwa waliokuzaa, na mtu ambaye jina lake linasema hana waliomzaa hana pa kusimama akiomba.

Shairi linakwisha bila Ocol kwenda. Katika Song of Ocol anajibu kwa hasira, anataka kuibomoa Afrika yote ya zamani, na katikati ya ghadhabu hiyo Melkizedeki, asiye na baba wala mama, anapiga kelele mara mbili kumwita mama, akimuuliza kwa nini alizaliwa mweusi.